Jeraha la Mwishehe

"Bibi, faili linasema marehemu mumeo Mwishehe alibaki kambini muda wote wa vita," karani wa jeshi akaniambia. "Lakini mwenzake wa kikosi kaandika kwamba alipigwa risasi Kagera. Ukinitajia jeraha lilikuwa wapi, na maneno yenu yakafanana, nishani zake naziingiza leo."

Nikaikaza kanga, nikailegeza, nikaikaza tena. Jeraha nalijua. Nimelikanda kwa maji ya moto miaka arobaini, kishimo cha kuingia kidole gumba.

Shida ni mkwe wangu, mume wa binti yangu, aliyenileta kutoka Tabata. Kakaa ubavuni pangu, na mbele ya mkwe mie hata paja silitaji.

"Baba, hebu kanitafutie maji."

"Haya hapa, mama," akanipa chupa. Mtoto wa watu ana adabu mpaka anakera!

"Bibi, wenzio wanangoja." Karani akaanza kufunga faili.

"Usifunge!"

Nikasimama, nikawageuzia mgongo wote wawili, nikajipiga kofi chini ya kiuno, upande wa kushoto, likalia ofisi nzima.