Nani Kamfuata Nani

Bonge aliteremka kwenye mizani kabla mshale haujatulia.

"Rudi, dada," muuguzi alimwambia. "Na viatu umevivua vya nini? Vimekukosea nini?"

Akarudi. Alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, kwenye tanuri la mikate, unga ungali kwenye nyusi. Mikate anaioka, haionji. Ameacha sukari, ameacha mafuta, amekimbia alfajiri mpaka magoti yakalia. Kilo humuaga kama wageni, kisha zinarudi na mizigo yao. Wenzake tanurini humtania, "Bonge, wewe unga unakuingilia kwenye ngozi!" Naye hucheka, maana kununa nako kunachosha.

Muuguzi akavuta kiti, akakaa karibu yake.

"Nisikilize. Mwili nao unarithiwa, kama sura. Watu wawili watakula sahani moja. Huyu mwili wake unaweka akiba kila tonge, yule wake unapitisha tu. Kujitunza usiache, kunasaidia. Ila acha kujiita mlafi. Kwenu umemfuata nani?"

"Sina niliyemfuata. Marehemu baba alikuwa fito. Mama fito. Mdogo wangu ndiyo usiseme."

"Kaulize vizuri. Mara nyingi yupo mtu."

Njia nzima neno hilo lilimtafuna. Yupo mtu. Na asipokuwepo?

Nyumbani alimkuta mdogo wake, aliyepishana naye mwaka mmoja tu, walionyonya ziwa moja, akijipakulia sahani ya pili. Mkono mwembamba, kijiko kimejaa. Mama alikuwa kitandani chumbani, mlango wazi, anakunja nguo.

"Wamesemaje huko?" mdogo mtu aliuliza.

"Wanauliza nimemfuata nani."

"Si nilikwambia zamani? Wewe uliokotwa, bwana! Ulipeperushwa na upepo ukaangukia hapa." Akamtazama juu mpaka chini, akapasuka kicheko. "Lakini upepo gani ungekuweza!"

"Koma!" Mama alifoka kutoka chumbani. "Mambo ya nani kamfuata nani sitaki kuyasikia ndani ya nyumba hii. Maliza kula, ukaoshe vyombo."

Ndivyo alivyokuwa mama tangu wakiwa wadogo. Mgeni akisema tu, "Huyu mwembamba ni mama mtupu, huyu mwingine sijui kamtoa wapi," mama huleta chai hata kama hakuna aliyeomba. Utotoni Bonge alidhani anatetewa. Leo, akiwa amesimama na unga wake kwenye nyusi, aliona jambo jingine: mtu hakasirikii mzaha usiokuwa na kitu ndani yake.

Akaingia chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda. Kitanda kikalalamika. Hakucheka.

"Mama, nimechoka. Si njaa, hiyo nimeizoea. Nimechoka kuwa mgeni kwenye ukoo wangu. Kama niliokotwa, niambie. Sitaondoka, wala sitapiga kelele. Nataka tu kujua."

Mama aliacha kukunja. Akanyanyuka taratibu, kwa miguu iliyochoshwa na miaka ya kupiga deki wodi ya wazazi, akachungulia nje. Mlio wa vyombo ulisikika, na wimbo wa mdogo mtu juu yake. Mama akafunga mlango, akausukuma tena kuhakikisha.

Habari njema haifungiwi mlango.

"Ni nani aliyenizaa, mama?"

Mama akamshika mashavu kwa mikono miwili, kama anayeshika mkate wa moto.

"Mimi. Mimi hapa, kwa uchungu wa usiku kucha. Na umemfuata bibi yako, mama yangu, ambaye hukumkuta. Mwili huu, mashavu haya, hata unavyoguna. Nimekaa kimya miaka yote hii ukichekwa, unisamehe, maana ningekwambia umemfuata nani, na mwenzako naye angeuliza."

"Si angeuliza tu? Kuna ubaya gani?"

Mama akautazama mlango, akashusha sauti.

"Yeye hakumfuata mtu humu ndani, mwanangu. Yeye nilimfuata mimi, wodini, mama yake alipofariki."