Sare ya Sajini

Siku mbili za melini, toka Mahajanga mpaka Hell-Ville, bandari ya kisiwa cha Nosy Be, Kouraichia hakulitua furushi lile hata mara moja. Alilala nalo kifuani. Abiria mwenzake alipomwuliza kama ni mtoto, alijibu, "Afadhali angekuwa mtoto."

Toka bandarini alikwenda kwa miguu mpaka Ambanoro, akamkuta Hadjira kibarazani, amepakata suruali ya kiume, anaitia kiraka gotini. Anashonea watu siku hizi, Kouraichia akawaza, na moyo ukazidi kumchoma. Binti wa shoga yake, mke wa karani wa forodha!

Wakasalimiana kwa Kingazija. "Karibu ndani, mama," Hadjira alisema.

Kouraichia aliketi, akafungua furushi. Ilikuwa sare ya sajini: koti la kaki, mkanda, vifungo vya shaba.

Hadjira aliitazama, akaweka sindano chini.

"Mimi ndiye niliyeishona," Kouraichia alisema.

Miaka kumi na tano alikuwa mshonaji wa ukumbi wa michezo ya kuigiza wa Wafaransa pale Mahajanga. Aliwashonea wafalme wasio na nchi na mahakimu wasiojua sheria. Kitambaa kipya alikichemsha kwenye chai, akakisugua viwiko kwa jiwe, maana koti ambalo halijawahi kuegemea meza humsaliti mvaaji, hata awe mwigizaji hodari. Kazi hiyo ilimharibu macho. Sokoni, msibani, arusini, hakuona tena watu, aliona mishono. Nguo haidanganyi, alizoea kusema, mtu ndiye mwongo.

Sare ile aliishona kwa kipimo cha Oumouri, kijana wa Kingazija aliyepewa nafasi ya sajini katika mchezo mmoja. Bega la kushoto la Oumouri lilikuwa limeshuka kwa kubeba magunia, naye akalijazia pamba mpaka likawa sawa na jenzake.

Ndipo ukaja mwaka wa 1947. Maasi dhidi ya Wafaransa yalilipuka mashariki ya kisiwa kikubwa, na serikali ikaanza kuzoa watu hata Mahajanga. Alfajiri moja sajini aliingia kwa Mdahoma, mume wa Hadjira, akamtoa amefungwa kamba mikononi. Majirani walichungulia. Hakuna aliyeishika sura yake. Nani humtazama askari usoni? Walitazama vifungo.

"Sare ilimkaa kama ngozi," jirani mmoja alimwambia Kouraichia.

Saa nne asubuhi askari wengine walikuja, wakapekua nyumba, wakamwuliza Hadjira kwa makofi mumewe yuko wapi. Watu wakasema ndivyo walivyo hawa: wanakuchukulia mtu wako, kisha wanarudi kukudhihaki.

Mdahoma hakuonekana tena, na Hadjira akarudi kwao Nosy Be.

Siku ile ile Mdahoma alipochukuliwa, Kouraichia alikimbilia sanduku la nguo za ukumbini. Sare ilikuwemo, imekunjwa vizuri, lakini pindo za suruali zilikuwa na tope bichi na makwapa ya koti yalikuwa hayajakauka jasho. Alimwita Oumouri.

"Umempeleka wapi mume wa watu?"

Oumouri aliinamisha kichwa. "Mama, wewe nguo huzungumza nawe. Mimi sina la kuongeza."

Hakukana. Hilo lilimtosha Kouraichia. Alizungumza na wanawake wawili tu, arusini, na maneno yakajiendea yenyewe. Msikitini watu wakawa wanaacha nafasi kulia na kushoto kwa Oumouri. Mkewe akachukuliwa na wazazi wake. Salamu zake zikawa haziitikiwi. Miaka miwili alivumilia bila neno, na masika haya homa ikamchukua. Jeneza lake lilibebwa na makuli wanne wa bandarini wasiomjua hata jina. Kouraichia alilitazama likipita chini ya dirisha lake, akasema, "Mungu amelipa."

Alidhani sasa atapumzika. Lakini Oumouri alipokwisha kuzikwa, hatia ilikosa pa kukaa, ikahamia kwake. Nani aliyelijazia pamba lile bega? Nani aliyeutundika ufunguo wa sanduku msumarini, kila mtu auone? Sajini wa uongo alikuwa amemmaliza mtu wa kweli, na aliyemtengeneza ni yeye.

Habari za sare alimsimulia Hadjira zote: chai, jiwe, pamba, ufunguo. Jina la mvaaji na habari ya jeneza alikuwa bado hajazitaja, aliziweka za mwisho. Hizo ndizo faraja pekee alizomletea.

"Ichome moto mbele yangu, mwanangu," alisema, akapiga magoti sakafuni. "Kisha unisamehe, au usinisamehe. Una haki."

Hadjira alimshika mabega akamwinua. Halafu akaenda mlangoni, akachungulia nje, akafunga, akatia komeo.

"Baba Mariama!" aliita kuelekea chumba cha nyuma. "Njoo. Siwezi kumwacha mama huyu aondoke na mzigo kama huu."

Pazia likasogea. Akatoka Mdahoma, amekonda, ndevu zimemjaa, akaushika mkono wa Kouraichia akaubusu.

"Sare yako ndiyo iliyoniokoa, mama. Yule aliyeivaa alisikia wanakuja kunikamata, akawatangulia. Alinitoa mbele ya macho ya mtaa mzima, akanifikisha mpaka chomboni, akatuapisha tusimtaje kwa yeyote. Akasema naye hatafungua kinywa, hata wamchune ngozi."

Hadjira alimletea Kouraichia maji, akaketi karibu naye, anacheka huku analia.

"Haya, tupe habari za Mahajanga," Mdahoma alisema. "Tangu siku ile hatujathubutu kumwandikia hata mstari mmoja. Ndugu yangu Oumouri, umemwacha hajambo?"