Mgeni wa Kila Asubuhi

Mgeni alikuja tena saa kumi na mbili na dakika kumi. Alikaa dakika thelathini na nane, hakusema kitu, akaondoka.

Emmaculate aliisoma ripoti hiyo ofisini, mjini Eldoret, hata koti hajavua. Tovuti yao ya kuuza mashamba ilikuwa na kurasa zaidi ya mia, na watu wengi walipita haraka bila kumaliza dakika moja. Huyu mmoja alifungua ukurasa uleule kila siku, wiki ya tano sasa: ekari mbili za Mzee Gerishon, Cheptiret. Kila mara aliikuza picha ya nne, ya jiko.

"Bado ni yule wa Nairobi?" Odera aliuliza kutoka meza ya pili.

"Bado. Nairobi, kwa simu."

"Siku hizi kila mtu ni wa Nairobi. Juzi nimefungua saiti na simu nikiwa Moiben, katikati ya mahindi, ikaniandika Nairobi. Nikasema haya, nimeomoka, mimi pia ni tajiri wa mjini."

Emmaculate alicheka, akarudi kazini.

Ukurasa huo alikuwa ameupigania. Mwanzoni Google iliuweka mbali, mahali ambapo hakuna anayefika. Aliuandika upya mara tatu. Akaweka maneno ambayo watu huandika wakitafuta: shamba Cheptiret, karibu na barabara kuu, hatimiliki safi. Akapiga picha mpya yeye mwenyewe na kuandika maelezo chini ya kila moja. Kufikia Machi, shamba la Mzee lilikuwa la pili kutoka juu.

Mzee Gerishon hakuwahi kuuona ukurasa wenyewe. Simu yake ilikuwa ya tochi, isiyo na intaneti. Tangu mwaka 2008 aliishi Gilgil na mkewe, Mama Wanja, kwenye chumba cha mabati ambacho kilijengwa kiwe cha muda. Nyumba yao ya Cheptiret ilichomwa wiki ile ya Januari, kwenye ghasia za baada ya uchaguzi. Kilichobaki ni jiko la mbao lililosimama kando. Hawajarudi. Sasa mkewe alikuwa na kifua kibaya, na Mzee alitaka kuuza amjengee nyumba ya mawe kabla ya baridi ya Julai.

Jumatatu, jirani yao wa zamani, Kipkorir, alikuja ofisini na kofia mkononi. Alitaka kununua. Bei yake ilikuwa ya chini, lakini alikuwa tayari.

"Mwambie Mzee simsukumi," alisema. "Lakini kuna shamba lingine Moiben na wenyewe wanataka jibu Ijumaa. Nimempa yeye nafasi ya kwanza. Tumekunywa chai nyingi pale kwake."

Emmaculate alipiga simu Gilgil.

"Ngoja nitoke nje," Mzee alisema, "Mama Wanja anaongea na wajukuu kwa simu yake, nyumba yote ni kelele." Mlango wa mabati ulilia. "Eeh, sema."

Alimweleza.

"Kipkorir ni mtu mzuri. Ni yeye alitutoa huko na trakta yake, akatufunika na magunia. Wewe unaonaje, mwanangu? Wewe ndiye unaona hizo vitu."

Emmaculate aliiangalia ripoti. Aliifikiria nyumba ya mawe, madirisha yake, na mama mmoja akilala bila kukohoa. Kwa bei ya Kipkorir, nyumba hiyo ingefika kwenye msingi tu.

"Mzee, kuna mtu. Wa Nairobi. Kila siku anaangalia shamba lako. Mtu haangalii kitu wiki tano kama hakitaki."

"Kila siku?"

"Kila siku, tena mapema. Amependa jiko."

Mzee alicheka mpaka akapaliwa. "Lile la moshi? Mtu wa Nairobi?"

"Kuna watu wanapenda vitu vya zamani, Mzee."

"Haya. Kama ni wewe umesema, tungoje."

Ijumaa Kipkorir alinunua Moiben.

Aprili ikapita. Mgeni alikuja kila asubuhi na hakupiga simu. Emmaculate alikipandisha kitufe cha kupiga simu juu kabisa, akakipaka rangi ya kijani. Mgeni alikipita. Akapunguza maneno, akaongeza ramani, akateremsha bei kidogo kwa ruhusa ya Mzee. Mgeni hakuangalia ramani hata mara moja.

"Huyo si mnunuzi," Odera alisema. "Huyo ni mtalii."

"Nyamaza, Odera."

Juni Mzee alipiga simu mwenyewe. Nyuma yake mtu alikuwa akikohoa, kikohozi kirefu kisicho na mwisho.

"Yule mtu wetu bado anakuja?"

"Bado, Mzee."

"Mungu ni mwema. Labda anajipanga."

Emmaculate alikata simu akakaa mikono mapajani. Mnunuzi mwingine hakuwepo. Kila alichojua kufanya alikuwa amekifanya.

Wiki ya kwanza ya Julai aliweka kitu cha mwisho: kisanduku kidogo cha ujumbe, ambacho kingejifungua mtu akikaa dakika kumi. Ndani yake aliandika: *Karibu. Ungependa kujua nini kuhusu shamba hili?*

Asubuhi iliyofuata hakungoja ofisi. Alikaa kitandani kwake, mtaa wa West Indies, blanketi mabegani, simu mkononi. Saa kumi na mbili na dakika kumi mgeni akaingia. Dakika kumi zikapita. Kisanduku kikafunguka. Kwa muda mrefu mtu yule aliandika, akafuta, akaandika tena.

Kisha ujumbe ukaingia.

"Habari ya asubuhi. Mimi ni mke wa Mzee Gerishon, huku Gilgil. Tafadhali msimwambie huwa naangalia. Nilitaka tu kuuliza, likishauzwa, hiyo picha ya jiko mtaitoa?"