Picha ya Mashineni

Ilikuwa kazi ya kwanza ya Sikudhani: kumpiga picha Bi Zaituni mashineni kwake, mahali aliposaga unga wa mji mzima, kabla mashine haijang'olewa kesho. Flashi ilipowaka, vumbi la unga likawa ukuta mweupe. Akaizima, akaiongezea kamera yake ndogo nguvu ya kunasa mwanga, akabana pumzi, akabonyeza. Uso ukatoka, lakini umejaa chenga, vidoadoa vyeupe kama unga.

"Nisamehe, mama. Picha imeharibika."

Bi Zaituni akaichukua kamera, akacheka hadi kilemba kikalegea. "Imeharibika wapi, mwanangu? Miaka thelathini nasaga humu, umewahi kuniona bila unga?"

Kisha akakipuliza vumbi kioo cha nyuma ya kamera, taratibu, na wote wawili wakainama kutazama.