Tundu la Chaji

Mzee Shekuwe alilizunguka tena gari lake jipya, waya wa umeme mkononi, akipapasa bodi kutafuta tundu la chaji. Petroli ilikuwa imekauka mjini kote. Ng'ambo ya mlima binti yake alikuwa akimngoja. Bila yeye, walii wa kumwozesha, ndoa haifungwi.

"Si ulisema ni haibridi, la umeme?" mkewe aliuliza kutoka ndani ya gari.

"Haibridi si moja, shemeji," alidakia jirani yao Kihiyo. "Zipo za kuchomeka ukutani. Hii hujichaji yenyewe ikitembea, na haifiki mbali bila petroli."

"Mbona hukuniambia?" Mzee alifoka.

"Nilikwambia. Ukaniita mshamba."

Mkewe alishuka, akavua viatu vya harusi, akaanza kuupanda mlima. Mzee aliutupa waya, akaegemeza bega kwenye buti la gari, akasukuma.