Kucha za Mwewe

Mzee Sheweji, mkuu wa masonara wa mtaa ule, aliitia kidoleni pete ya Mwanaidi, iliyokauka lakini haijachomwa tanurini. Ikapwaya. Masonara wenzake wakacheka.

"Mama chapati," alimwambia Mwanaidi, "fedha haikandwi, hufuliwa kwa nyundo. Pete hii isiponikaa, leo hii unafunga kibanda chako cha pete."

"Na ikikukaa?"

"Utabaki. Nimesema mbele ya watu."

"Basi ivue, mzee. Bado haijaiva."

Mwanaidi alikuwa ameifinyanga kwa unga wa fedha uliokandwa kwa gundi na maji, kwa umbo la kucha za mwewe zinazokumbatia kidole. Akaitia tanurini. Hakuna aliyempa kiti. Mmoja wao alitema mate karibu na mguu wake, naye hakuusogeza.

Ilipotoka na kupoa, gundi imeungua, ilikuwa imesinyaa, nyeupe kama chokaa. Mwanaidi akaisugua kwa brashi ya waya mpaka ikang'aa, akamkabidhi. Mzee Sheweji, aliyezoea fedha isiyobadilika kipimo motoni, akaisukuma kidoleni kwa nguvu ili wenzake waone kwamba bado inapwaya. Ikapita fundo la kidole, ikatulia pale, kucha zimeshika.

"Bahati tu," alisema, akaivuta. Haikutoka. Akapaka sabuni. Haikutoka. Sasa hakuna aliyecheka.

"Imekukaa, mzee," alisema Mwanaidi.

Mzee akachukua msumeno wake mwembamba, akauegemeza juu ya kucha za mwewe. Masonara wote, walioisikia ahadi yake, walikuwa wakiutazama mkono ule.