Uvimbe Uliogoma Kupungua

Siku ile mjinga alikuwa yeye, na mwenyewe anakiri, ingawa kwa sauti ya chini.

Aliingia hospitali kwenye kiti cha magurudumu, shuka mapajani, akiwapungia mkono watu wa foleni kama anayewaaga. Mkewe alikuwa nyuma, akikisukuma kwa viwiko, maana viganja vilikuwa vinamwakia moto.

"Pole, mzee," mlinzi akasema.

"Tushapoa, mwanangu. Saratani ya figo haina mchezo."

Nyumbani alishawagawia mashemeji makoti yake. Chakula kilikuwa hakipiti kooni, usingizi hauji, suruali imebaki kushikiliwa na kamba.

Daktari wa picha akawasha kioo, akaweka picha mbili za siti-skani bega kwa bega: ya kabla ya dawa, na ya juzi.

Mzee akanyoosha shingo. "Si ndiyo huo hapo? Ukubwa uleule. Vidonge vyote vile vimeenda na maji."

"Usitazame ukubwa, mzee wangu, tazama mwanga." Daktari akagusa picha ya kwanza. "Hapa, dawa ya kung'arisha ilipopita mishipani, uvimbe uliifakamia, ukawaka kama taa. Sasa ona wa juzi. Giza tupu. Mashine imepima mpaka damu inayouingia, ni kidogo mno. Uvimbe unakufa huu."

"Unakufa na haupungui hata kidogo?"

"Ndiyo kwanza unakata roho, mzee. Mwili utanywea baadaye."

Mkewe akacheka. Mzee hakucheka. Mtu umeshaaga ukoo mzima, halafu kijana mwenye kioo anakuambia rudi nyumbani ukaendelee kuishi?

"Mimi sidanganywi na giza," akasema. "Dawa tunaacha leo. Tukafie kwetu kwa heshima."

Akainuka kwa hasira, akaanza kutembea huku na huko chumbani, shuka ikiburuzika nyuma yake.

Daktari akavua miwani. "Tukiacha sasa, uvimbe utapata damu tena, na safari ijayo huenda dawa hii isiuweze. Lakini silazimishi. Mgonjwa aseme mwenyewe."

Mzee akasafisha koo, akaweka mkono kifuani.

"Kaa chini, baba watoto," mkewe akamkatiza. "Figo ni yangu, saratani ni yangu, na vidonge nameza mimi. Wewe hasa unaumwa nini?"